Maji Yapo Mitema: Matundu ya Kiini cha Kompyuta na Safari ya Kiraka

Mhadhara uliotolewa mjini Newala mbele ya walimu, makarani wa vyama vya msingi na wanafunzi. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.

Walimu wa Newala, na wenzenu mliopanda gari alfajiri kutoka Masasi mkameza vumbi la njiani. Makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Kina mama wa vikundi. Na ninyi wanafunzi mliojazana mlangoni kana kwamba kuna ngoma: asanteni kwa kuja siku ambayo shamba nalo lilikuwa likiwaita. Mhadhiri anaomba radhi mbili kabla hajaanza. Ya kwanza, atazungumzia kompyuta mahali ambapo umeme una tabia ya kuondoka bila kuaga. Ya pili, hakuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Amekuja na chaki.

Kusudi la mhadhara ni kueleza jambo moja. Kosa dogo linalofanywa na mwandishi wa programu aliyeko Helsinki au California linaweza kuifungua simu ya mkulima wa Kitangari. Dawa ya kosa hilo mara nyingi hupatikana upesi, pengine ndani ya wiki chache. Lakini kati ya siku dawa inapopatikana na siku inapoingia kwenye simu ile kuna masafa, na hatari kubwa imelala humo.

Mtu akitaja usalama wa mtandao nchini, akili huruka moja kwa moja kwa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hao wapo, na wanajulikana. Wao humdanganya mtu. Leo wanazungumzwa wanaoidanganya mashine yenyewe, huku mwenye nayo akiwa hajapokea simu ya mtu wala hajataja namba yake ya siri.

Hoja ya kwanza: kiini ndicho kilichokaa ndani ya dirisha

Kila aliyeko hapa amewahi kusimama kwenye kibanda cha wakala wa fedha. Mteja yuko nje ya nondo. Wakala yuko ndani na droo, floti na daftari. Mteja haingizi mkono kwenye droo hata kama fedha ni zake; anasema anachotaka, wakala anahakiki, kisha anatoa au anakataa. Mfumo endeshi wa kompyuta umejengwa kwa mtindo huo huo. WhatsApp, kikokotoo, mchezo wa mpira, programu ya benki, zote zinasimama nje ya nondo. Ndani amekaa mmoja tu, mwenye kushika kumbukumbu, kamera, kipaza sauti, mafaili na njia zote za mtandao. Huyo ndiye kiini. Mafundi humwita keneli.

Programu ikitaka kusoma picha, inapeleka ombi dirishani. Kiini kinauliza: ni nani huyu, ana ruhusa gani? Kwa sababu hiyo mchezo wa mpira hauwezi kusoma ujumbe wa benki, na mwanafunzi anayetumia kompyuta ya shule hawezi kufuta mitihani ya mwalimu wa taaluma. Mtu akipata njia ya kumlaghai wakala, au ya kupenya ndani na kukaa kitini pake, nywila za watu hazina kazi tena. Anafungua droo mwenyewe.

Kiini kinachoongoza simu nyingi zilizomo mifukoni humu kilianza kama kazi ya mwanafunzi. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Toleo lake la kwanza la Linux lilikuwa na mistari takribani 10,000. Leo imezidi milioni 30, imeandikwa na maelfu ya watu, na juu yake ndipo Google ilipojenga Android. Tecno, Infinix, itel, Samsung, Xiaomi: majina tofauti mgongoni, kiini cha ukoo mmoja ndani. Windows ina kiini chake, iPhone nayo ina chake. Wenye vitochi, simu ndogo za vitufe, wanaruhusiwa kusinzia kidogo, lakini wasikorome, maana korosho zao zinapita kwenye kompyuta za watu wengine.

Hoja ya pili: makosa huzaliwa kwenye haraka na kwenye usahaulifu

Mistari milioni 30 iliyoandikwa na binadamu haiwezi kukosa makosa. Mengi hayadhuru; simu inaganda, inazimwa, inawashwa, maisha yanaendelea. Yanayotisha ni machache yanayomruhusu mtu wa nje apite nondo. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu huambiwa "kuna virusi" bila kuonyeshwa tundu lenyewe lilivyo.

Chukueni daftari la mizani la chama cha msingi. Mkulima ana haki ya kulisoma. Hana haki ya kuliandika. Akitaka kuandika, karani humtolea nakala ya ukurasa, naye achorechore humo apendavyo. Kiini cha Linux hufanya hivyo kila sekunde kwa kurasa za kumbukumbu, ili kuokoa nafasi: wote wanasoma ukurasa mmoja, na nakala inatengenezwa pale tu mtu anapotaka kuandika. Sasa anakuja mkulima mjanja mwenye mikono miwili yenye mbio. Mkono wa kulia unaomba kuandika. Wa kushoto unaichana nakala mara tu inapotolewa. Anarudia mara elfu, elfu kumi, bila kuchoka. Karani anahakiki, anatoa nakala, anageuka kidogo. Akirudi nakala haipo, lakini kichwani mwake ameshaweka kwamba "huyu nimekwisha mruhusu". Kalamu inatua kwenye daftari lenyewe. Kilo mia tano zinageuka elfu tano.

(Karani mmoja hapo mbele anatikisa kichwa. Atulie, hajatajwa.)

Tundu hilo lilikuwapo kweli. Lilipewa jina la utani Dirty COW na namba ya orodha ya matundu yanayojulikana, CVE-2016-5195. Matoleo ya Linux tangu mwaka 2007 yalikuwa nalo, likakaa wazi miaka tisa. Likagunduliwa kwa namna inayofaa kukumbukwa. Mtaalamu mmoja, Phil Oester, alikuwa na desturi ya kuhifadhi maombi yote yanayoingia kwenye kompyuta zake za mtandaoni. Akakuta humo programu ya mtu aliyekwisha kumvamia kwa njia hiyo. Maana yake ni kwamba mwizi alilijua tundu kabla ya wenye nyumba. Kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba, kikatoka Oktoba 2016, na Torvalds mwenyewe akaandika kwamba miaka 11 kabla aliwahi kujaribu kuliziba kosa hilo, akaliziba vibaya, kazi ile ikaondolewa kwa sababu ilisumbua aina fulani ya kompyuta kubwa. Mtu aliyekianzisha kiini alipita jirani na kosa akaenda zake. Wanaowacheka vijana wa kompyuta wanapokosea wakumbuke hilo.

Google iliweka kiraka cha Dirty COW katika masasisho ya Android ya Desemba 2016. Hata hivyo, Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Trend Micro iliripoti programu hasidi iitwayo ZNIU, iliyojificha ndani ya programu zaidi ya 1,200, zikiwamo za michezo na za picha za ngono, ikitumia tundu lile lile. Waathirika walipatikana katika nchi zaidi ya 40, wengi wao China na India. Ikishaingia, ilitumia ujumbe mfupi wa maneno kukata fedha kidogo kidogo kupitia kampuni ya simu ya China, kisha ikafuta ujumbe huo. Wenye kuishi kwa fedha za kwenye simu wanajua kidogo kidogo ni kitu gani.

Kosa la aina nyingine linafanana na gesti. Mgeni analala chumba namba nne, asubuhi anarudisha ufunguo, lakini amekwisha kuchonga wa pili. Chumba anapewa mgeni mwingine mwenye mzigo wa thamani. Yule wa kwanza anarudi usiku, na mlango unafunguka kwa sababu hakuna aliyebadilisha kitasa. Kwenye kiini, chumba ni kipande cha kumbukumbu, na ufunguo wa kuchonga ni anwani ambayo programu imebaki nayo baada ya kipande kile kupewa mwingine. Makosa ya jamii hii, ya usimamizi mbovu wa kumbukumbu, ni mengi mno: Microsoft ilieleza mwaka 2019 kwamba takribani asilimia 70 ya matundu ya kiusalama iliyokuwa ikiyaziba kila mwaka yalitoka huko.

Na mengine hugunduliwa na mtu asiyetafuta tundu lolote. Kuanzia Aprili 2021 Mjerumani Max Kellermann alikuwa akipokea malalamiko ya mteja kwamba faili fulani za kumbukumbu za seva zinaharibika mwishoni. Alirekebisha, zikaharibika tena. Angeweza kusema ni bahati mbaya. Alifuatilia kwa miezi, akaishia ndani ya kiini cha Linux: mahali ambapo alama moja ilitakiwa kufutwa kabla kifaa hakijatumika upya, na mwandishi alisahau kuifuta. Mtu yeyote angeweza kuandika juu ya faili alizopewa kusoma tu. Tangazo lilitoka tarehe 7 Machi 2022 kwa jina la Dirty Pipe, na simu mpya kabisa za wakati huo, kama Samsung Galaxy S22 na Google Pixel 6, zilikuwa na tundu hilo. Wenye vitochi na simu za zamani walisalimika safari hiyo, kwa kuwa kosa lilianza na toleo la 5.8 la mwaka 2020. Upya nao una magonjwa yake.

Hoja ya tatu: maji yapo Mitema

Msikilizaji akiinuka sasa hivi akaenda mpaka Shimo la Mungu, ataona bonde la Ruvuma limetandazwa chini kama mkeka, na Msumbiji ng'ambo. Anayeliona bonde kwa macho anaweza kulala na kiu. Uwanda huu wa juu hauna mito. Udongo wake unanyonya mvua na kuitupa chini kabisa. Bibi zenu walishuka mabondeni na mitungi kichwani na kupanda tena. Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 umekuwapo mradi wa maji wa Makonde, unaovuta maji kutoka bonde la Mitema na kuyasukuma juu hadi kwenye matangi, kisha vijijini. Mzee wa Newala akiambiwa "maji yapo" huuliza: yapo wapi, Mitema au bombani? Pampu moja ikilala, valvu moja ikikwama, bomba moja likipasuka, maji yanabaki kuwapo, na ndoo inabaki kavu.

Kiraka cha kiini husafiri hivyo hivyo. Kituo cha kwanza ni wasimamizi wa Linux. Cha pili ni Google, ambayo tangu Agosti 2015 hutoa taarifa ya viraka vya Android kila mwezi. Cha tatu ni mtengeneza chipu: MediaTek wa Taiwan, Unisoc wa China, Qualcomm wa Marekani. Cha nne ni mtengeneza simu, kama Transsion wa Shenzhen, mama wa Tecno, itel na Infinix. Cha tano ni mwenye simu, na kwake kuna valvu ndogo inayoitwa bando.

Kuna kisa kinachogusa simu za bei nafuu hasa. Aprili 2019, mtu mmoja kwenye jukwaa la wapenzi wa Android alichapisha hadharani njia ya kujipa mamlaka yote ndani ya vifaa vyenye chipu za MediaTek. Tundu lilikuwa kwenye kipande cha kiini kinachopanga foleni ya amri za chipu yenyewe, na liligusa karibu chipu zote za kampuni hiyo za biti 64. Watu walifurahi, waliweza kufuta programu zisizofutika kwenye tableti zao. MediaTek ilikuwa na kiraka Mei 2019, mwezi mmoja tu baadaye. Maji yalikuwa Mitema. Miezi ikapita, watengenezaji wengi wa simu hawakuyavuta. Januari 2020 Trend Micro ikakuta programu tatu ndani ya duka rasmi la Google zikishirikiana kupeleleza wenye simu, mojawapo ikitumia tundu hilo. Google ikalazimika kuliweka katika taarifa yake ya Machi 2020, likapewa namba CVE-2020-0069. Miezi kumi na moja, kwa tundu ambalo kila mwenye kusoma angeweza kulisoma.

Programu hiyo moja kati ya zile tatu ilibeba na tundu la pili, CVE-2019-2215, ambalo historia yake inauma zaidi. Novemba 2017 chombo cha Google kiitwacho syzkaller, ambacho kazi yake ni kukitupia kiini maombi ya kipuuzi usiku na mchana kuona kitaanguka lini, kilikuta kosa la ufunguo wa kuchonga katika sehemu ya Android iitwayo Binder. Februari 2018 likazibwa kwenye Linux. Hakuna aliyeliita tundu la usalama, halikupewa namba, halikuingia kwenye taarifa za kila mwezi. Simu zilizokuwa sokoni zikabaki wazi. Septemba 2019 Maddie Stone wa kikosi cha Project Zero cha Google alifuatilia fununu kwamba kuna watu wanalitumia kupeleleza simu, akathibitisha kwamba Pixel 2, Galaxy S7 hadi S9, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A na nyingine zilikuwa nalo. Pixel 2 ni ya Google wenyewe. Waliolikuta tundu, waliolifukia na waliouza simu walikuwa chini ya paa moja, na bado kiraka kilipotea njiani kwa mwaka mzima na zaidi.

Na wakati mwingine tatizo linaingia kabla simu haijanunuliwa. Agosti 2020 ilifichuliwa kwamba simu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilitoka zikiwa na programu hasidi Triada na xHelper, zinazojiandikisha zenyewe kwenye huduma za kulipia na kula salio. Transsion ilisema kosa lilitokea kwa mtu wa kati katika mnyororo wa utengenezaji na kwamba ilishatoa marekebisho. Marekebisho hayo, tena, yalitakiwa kupakuliwa kwa bando la mnunuzi.

Wengi watakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchi nzima. Watu walibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, wakahakiki namba. Zoezi lile lilijibu swali la kama simu ni halali. Halikuweza kujibu kama kiini chake ni kizima. Simu halali kabisa, yenye risiti, yaweza kuwa na kiini ambacho hakijaguswa tangu kiwandani.

Hapa mafundi wa mitaani nao wanahusika, na mhadhiri anawaheshimu kwa sababu bila wao nusu ya simu za kusini zingekuwa makopo. Fundi "anapoiflashi" simu iliyogoma, mara nyingi huweka mfumo ulioko kwenye kompyuta yake, wa miaka mitatu nyuma. Simu inawaka, mteja anashukuru, na viraka vyote vya miaka mitatu vimeoshwa. Anayekwenda "kupiga windo", yaani kuwekewa Windows upya, naye vivyo hivyo. Mhadhiri aliwahi kukaa mbele ya kompyuta ya ofisi moja, katika mji ambao utabaki bila jina, akakuta masasisho yamezimwa kwa makusudi. Alipouliza, akajibiwa kwa upole: "Yanakula bando, halafu ile windo si ya kununua, ikijiapdeti inajifunga." Jibu hilo lina hesabu yake. Kusema watu ni wazembe ni rahisi. Kumpigia mtu mahesabu ya bando la megabaiti mia saba kwa kitu asichokiona ni kazi nyingine.

Hoja ya nne: kiraka kikitoka, saa inaanza kuhesabu

Wakulima wa korosho hawahitaji kufundishwa hili. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 na ushee. Mwaka 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi takribani 16,500. Sababu zilikuwa nyingi, kuhamishwa kwa vijiji na bei mbovu zikiwamo, lakini ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulikuwa na sehemu yake kubwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walionyesha kwamba salfa inaukabili. Ila salfa ina wakati wake: majani machanga na maua yanapochomoza. Anayepulizia baada ya ua kukauka ametupa fedha. Na anayeacha shamba lake bila dawa anamletea jirani ugonjwa, kwa kuwa ukungu unasafiri na upepo.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka MS17-010 kwa tundu lililokuwa kwenye sehemu ya kiini cha Windows inayoshughulikia kushirikiana mafaili kati ya kompyuta za ofisi moja. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limelijua tundu hilo na kulitengenezea silaha. Tarehe 14 Aprili silaha ile ikamwagwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka, ikaja programu hasidi WannaCry, ikitumia silaha ile. Haikumngoja mtu abonyeze kiungo chochote. Iliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kama ubwiriunga unavyoruka mikorosho, ikafunga mafaili na kudai dola 300. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliipunguza kasi kwa kusajili anwani ya tovuti aliyoiona imeandikwa ndani ya programu ile. Aliisajili bila kujua kwamba ndiyo breki.

Wengi wa walioumia walikuwa na dawa ghalani kwa siku 59.

Tena kiraka chenyewe ni tangazo. Mdukuzi mwerevu hukiweka kiraka kipya kando ya programu ya zamani, akaona mstari gani umebadilika, akajua kosa lilikuwa wapi. Viraka vya Linux viko wazi kwa kila mtu, na hilo ni jambo jema kwa sababu nyingi. Lakini kuanzia hapo mbio ni kati ya anayesoma kiraka ili ashambulie na anayekiweka ili apone. Anayesema "nitaapdeti baada ya msimu" amempa mwenzake muda mrefu sana.

Hoja ya tano: kiraka nacho huuma

Wapo watakaosema: waliapdeti simu ikawa nzito, au kompyuta ikakataa kuwaka. Ni kweli. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi unaokaa ndani ya kiini cha Windows, ilituma sasisho lenye kosa, na kompyuta milioni 8.5 zikaanguka kwa pamoja. Viwanja vya ndege vilisimama. Programu ya nje ya nondo ikikosea, inaanguka peke yake. Aliye ndani akikosea, kibanda chote kinafungwa.

Kwa hiyo ofisi yenye kompyuta kumi isizisasishe zote asubuhi moja siku ya malipo ya wakulima. Ianze na mbili, ingoje siku mbili tatu, kisha zifuate nyingine, na daftari muhimu liwe limenakiliwa kwenye diski iliyochomolewa. Kungoja siku tatu ni busara ya karani. Miezi kumi na moja ni jambo jingine.

Yaliyo mbele

Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Kati ya mizani ya AMCOS na fedha kuingia kwenye simu ya mkulima, korosho ya Newala na Masasi sasa inapita kwenye viini vingi kuliko mikono. Tarehe 14 Oktoba 2025, katika kipindi kile kile ambacho minada hushika kasi, Microsoft ilimaliza kutoa viraka vya bure vya kawaida kwa Windows 10. Windows 7 ilikwisha tangu Januari 2020. Vyama vya ushirika, shule na halmashauri zenye mashine hizo zina la kupanga katika bajeti ijayo, na fungu hilo linafaa kuandikwa kwa jina lake kamili, kama salfa inavyoandikwa, lisifichwe kwenye "vifaa vya ofisi". Shule yenye intaneti inaweza kupakua sasisho mara moja na kuwagawia walimu wote kwa waya usiku mmoja. Linux inapatikana bure kwa kompyuta kuukuu ambazo Windows mpya inazikataa.

Kwa wanafunzi mlioko mlangoni: tangu Desemba 2022 Linux imeanza kukubali lugha ya Rust, iliyoundwa ili ufunguo wa kuchonga usiwezekane kirahisi. Kazi ya kuandika upya mistari ya zamani itachukua miaka mingi, na mistari yote iko wazi kusomwa. Max Kellermann alianza na faili lililoharibika mwisho wake. Atakayejaribu ajaribu kwenye mashine yake mwenyewe, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiulizi kama uliingia kwenye kompyuta ya mwalimu kwa nia njema. Aliyegundua kitu katika mfumo wa umma apeleke taarifa TZ-CERT, kikosi cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kabla ya maswali, Mwenyekiti ameruhusu zoezi moja. Kila mwenye simu ya tachi aitoe, aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu inayoeleza habari za simu, asome tarehe ya sasisho la usalama la Android. Makarani watakwenda kuisoma na ya kompyuta ya ofisini kesho asubuhi. Tarehe zitaandikwa ubaoni kwa chaki, bila majina, na ubao utaachwa hivyo mpaka mwezi ujao, kikundi hiki kitakapokutana Masasi na kuzilinganisha. Mwenye tarehe ya zamani kuliko wote ndiye atakayeuliza swali la kwanza.